Kabla ya Mbuzi wa Krismasi

Novemba inaishia, na huku kwetu kuanzia Himo hadi Sanya Juu mazungumzo ni yale yale: nani anapanda basi la alfajiri kutoka Dar, nani anakuja na gari lake, mbuzi atanunuliwa mnada gani, godoro la wageni liazimwe kwa nani. Kila kitu kimeshapangiwa hela. Jioni hii nataka tuzungumze juu ya wakazi wa nyumba hizo hizo ambao hakuna aliyewatengea hata shilingi mia tano. Nasema viroboto.

Wewe mama unayemenya ndizi za mtori, usinyanyuke kubadilisha stesheni. Haya ni mambo ya sebuleni kwako.

Tuchukue nyumba moja ya kihambani, unaijua, ipo kila kitongoji. Watoto wa mjini waliondoka Januari, ikafungwa. Akabaki kijana wa kazi kwenye chumba cha nyuma, ng'ombe wawili bandani, paka, na mbwa anayeitwa Simba, maana mbwa wa uchagani kama si Simba basi ni Tarzan. Simba analala barazani kwenye kapeti kuukuu lililotolewa sebuleni. Mvua ikipiga kwa upande anajisogeza mlangoni. Paka ana njia yake ya dirishani anayoijua mwenyewe, na kochi la baba mwenye nyumba amelifanya lake mwaka mzima. Inafika tarehe 22 Desemba, gari linasimama chini ya mgrivelia, milango inafunguliwa, watoto wanaingia mbio na viatu mkononi. Nusu saa haijapita, mmoja anajikuna kifundo cha mguu. Kabla chai haijaisha wanajikuna wote. Bibi anasema ni huyo mbwa. Mbwa anatimuliwa kwa jiwe, anakimbilia migombani bila kujua kosa lake, na usiku watu wanang'atwa vilevile.

Wanang'atwa vilevile kwa sababu wale viroboto hawakushuka kwa Simba jioni ile. Walikuwa ndani tayari.

Huyu kiroboto mkubwa tunayemwona akiruka ni sehemu ndogo sana ya ukoo wake. Wataalamu wa wadudu wana hesabu yao: katika nyumba iliyovamiwa, ukiwahesabu viroboto 100 wa umri wote, wakubwa walioko mwilini mwa mnyama ni kama 5 tu. Mayai ni 50, mabuu 35, na 10 wamejifungia kwenye vifukofuko. Kwa hiyo unapomkamata mbwa ukamwogesha mpaka akang'aa, ukamwachia arudi kwenye kapeti lake, umewagusa 5. Waliobaki 95 wapo kwenye kapeti, kwenye nyufa za sakafu, chini ya mito ya kochi, kwenye gunia la jikoni. Watakuja kwa zamu.

Jike akishakunywa damu yake ya kwanza huanza kutaga ndani ya siku moja au mbili, na akikolea anafikisha mayai 40, hata 50, kwa siku moja. Mayai hayo hayanati. Yanateleza kwenye manyoya na kudondoka popote mnyama anapojikuna au kuruka kutoka kwenye kiti. Buu linaloanguliwa linakimbia mwanga, linazama kwenye ufa au kwenye nyuzi za zulia, na chakula chake kikuu ni mavi ya wazazi wake, yaani damu iliyokauka inayodondoka pamoja na mayai. Ukiwaza, ni malezi ya hali ya juu: mtoto anaangukia mahali ambapo akiba yake imeshatangulia. Kisha buu hujisokotea kifukofuko kinachonata, vumbi linakiganda juu, na hapo hata ukikitazama hukioni.

Mambo yakienda vizuri, kwa upande wao nasema, mzunguko wote unakamilika ndani ya wiki tatu au nne. Lakini aliyemo kifukofukoni hana haraka. Anaweza kukaa humo miezi kadhaa, hata kukaribia nusu mwaka, akisubiri dalili kwamba nyama imefika: mtikisiko wa nyayo, joto la mwili, hewa tunayoitoa puani. Sasa waingize watoto sita kwa mbio kwenye sebule iliyokaa kimya muda wote huo, huku paka akiongeza mayai mapya kila alipopita dirishani. Dalili zote zinafika kwa mpigo. Waliokuwa wakisubiri wanatoka kwa pamoja, wana njaa, na mguu ulio karibu ni wa mjukuu.

Na sisi wa mlimani tumewaandalia. Buu la kiroboto halivumilii ukavu. Unyevu wa hewa ukishuka chini ya asilimia 50, linakauka. Jua kali nalo linaliua. Ndiyo maana kwenye ua wa Pasua au Njoro, uliofagiliwa na kuchomwa na jua la Februari, huwezi kukuta kiroboto nje. Wa huko wamejibanza vyumbani. Sasa panda Kibosho, Uru, Marangu, Mamba. Kahawa iko chini ya mgomba, mgomba uko chini ya mgrivelia, mfongo wa maji unapita pembeni, na jua kufika ardhini ni bahati. Mbwa amejichimbia kitanda kwenye majani makavu ya migomba nyuma ya banda la ng'ombe. Mtu angetaka kufuga viroboto kwa makusudi asingepata shamba zuri kuliko hilo. Juni na Julai ukungu ukitulia na baridi ikikaza wanapunguza mwendo huko nje, lakini jikoni kuna moto wa kuni na paka yuko mafigani.

Haya, utajuaje kama unao? Kwa paka hasa watu hudanganyika. Paka hujilamba kutwa, anawameza, ukimpekua humwoni hata mmoja, unasema paka wangu safi. Fanya hivi. Chukua chanuo la chawa, lile la meno yaliyobanana. Mchane mnyama kuanzia kiunoni kwenda kwenye shina la mkia, maana hapo ndipo wanapopenda. Kikung'ute kilichokwama kwenye chanuo juu ya kitambaa cheupe kilicholoweshwa maji. Utaona vumbi jeusi. Usiwe na haraka, subiri kidogo. Ikiwa ni udongo, utabaki udongo. Ikiwa kila chembe inaanza kutoa duara la rangi ya kutu na kusambaa kwenye kitambaa, hiyo ni damu ya mnyama wako iliyopita tumboni mwa kiroboto, na ubishi umekwisha.

Kwa mbwa, mgeuze sikio pia. Pale ambapo mbwa na kuku wanagombea kivuli kimoja, utakuta kwenye ukingo wa sikio vidoa vyeusi vimejipanga, ukivigusa haviruki wala havisogei. Huyo ni kiroboto wa kuku. Akishazamisha mdomo anang'ang'ania hapo hapo siku nyingi, na kwa kuku mwenyewe humkalia kwenye upanga wa kichwani na kuzunguka macho mpaka kifaranga asione. Ukimtibu mbwa ukaliacha banda la kuku, utamtibu tena mwezi ujao.

Na usiseme ni kuwashwa tu. Wataalamu walipima wakaona viroboto jike 72 wanamaliza mililita moja ya damu kwa siku. Kwa mbwa mkubwa hilo si neno. Kwa mtoto wa paka wa wiki nne, ambaye damu yake yote haijazi kikombe cha kahawa, wakimwandama mia mbili au tatu ni kifo: fizi zinakuwa nyeupe, analegea, asubuhi unamkuta amelala moja kwa moja, na wewe unasema paka hawakai kwenu. Halafu kuna minyoo tegu. Mayai ya mnyoo huo humezwa na buu la kiroboto, mbwa akijitafuna anammeza kiroboto aliyekwisha kua, mnyoo unakulia tumboni. Ukiona chini ya mkia wa mbwa vitu vyeupe kama punje za wali vinavyojivuta, ndiyo huo. Mtoto anayecheza na mbwa na kumeza kiroboto bila kujua anaupata vilevile. Unaweza kumpa mbwa dawa ya minyoo kila mwezi. Bila kumaliza viroboto, minyoo itarudi kila mwezi.

Sasa tufike panaponikera.

Mtu anaamua leo nawamaliza. Anakwenda dukani, anaomba dawa ya kuogesha. Anamiminiwa dawa ya ng'ombe kutoka kwenye chupa kubwa kwenda kwenye kichupa cha maji ya kunywa. Hakuna lebo, hakuna jina, hakuna kipimo. Anaambiwa: weka kifuniko kimoja kwenye ndoo. Kifuniko cha chupa gani, ndoo ya lita ngapi, mnyama wa kilo ngapi, hayo hayamo. Akifika nyumbani anasema kifuniko kimoja ni kidogo, viroboto wa huku sugu, anaweka viwili. Anamwogesha mbwa, na maji yaliyobaki, kwa kuwa dawa ni hela, anamtumbukiza paka.

Kuna makosa hapo, na lolote kati yake linaweza kuua. Baadhi ya dawa za josho tunazotumia kwa kupe ni za jamii ya amitrazi. Kupe anakufa, ni kweli, lakini kiroboto haimtishi. Umemtia mnyama sumu na uliyemkusudia bado yupo. Dawa nyingine zina pemethrini au ndugu zake, na hizi kiroboto zinamuua, mbwa anazivumilia kwa kipimo chake, ila paka hana ini la kuivunja pemethrini. Dawa ya mbwa yenye kitu hicho, hata ile ya dukani iliyofungwa vizuri na picha ya mbwa anacheka, inaweza kumuua paka siku hiyo hiyo: anatokwa na mate, anatetemeka masikio na miguu, kisha degedege. Kwa hiyo ukishika pakiti tafuta neno linaloanza na herufi p, e, r, m. Ukiliona, paka asiguse, wala asilale na mbwa aliyepakwa mpaka amekauka kabisa. Usidanganyike eti ni ua. Ni kweli dawa hizi ziliigwa kutoka kwenye pareto, ile inayolimwa Mufindi na Njombe, lakini iliyoko kwenye chupa ilitengenezwa kiwandani idumu zaidi kuliko ua lenyewe.

Ikishatokea, paka ameanza kutetemeka, usimpe maziwa. Maziwa hayaondoi sumu, ni mazoea yetu tu. Mwogeshe haraka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, mkaushe, mfunike asipate baridi, na umkimbize kwa daktari wa mifugo ukiwa na kile kichupa mkononi.

Mafuta ya taa na oili chafu navyo viache. Vinachoma ngozi, na mnyama atajilamba. Ugoro uliolowekwa una nikotini, ni sumu kwa mbwa. Kitunguu saumu kinaharibu damu ya mbwa na paka. Utupa wazee wetu walijua kuutumia, na watafiti wameujaribu kwenye maharage huku kwetu wakaona unafanya kazi kwa wadudu wa shambani. Lakini mmea unaolevya samaki mtoni si wa kumpaka mtoto wa mbwa kwa kukisia. Mwarobaini siudharau, una nguvu ya kufukuza na kudumaza wadudu. Tatizo ni kwamba kumfukuza kiroboto kutoka kwa mbwa akahamia kwenye godoro hakujamsaidia mtu.

Na kuna sindano. Bwana mifugo amepita kwa ng'ombe, unamwambia hebu mchome na huyu mbwa. Mara nyingi ni ivamektini. Inasaidia minyoo kadhaa na ukurutu, lakini kwa kiroboto usiitegemee. Mbwa wa jamii ya kolii na waliochanganyika nao inaweza kuwaua. Muulize anayechoma: hii ni ya nini, na ya kilo ngapi? Ni mnyama wako, una haki ya kuuliza, na bwana mifugo anayejua kazi yake hatakasirika.

Basi tufanye nini? Mwenye uwezo, mambo yamekuwa rahisi siku hizi. Kuna dawa za kudondoshea katikati ya mabega na kuna vidonge vya kutafuna ambavyo dozi moja hufanya kazi mwezi mzima, vingine hadi miezi mitatu. Zinauzwa kwa uzito, kwa hiyo mpime mnyama: panda mzani naye, kisha panda peke yako, toa. Bei yake utashtuka, sikufichi, kidonge kimoja kinaweza kukaribia bei ya jogoo. Ila ukijumlisha vichupa vya kukisia ulivyonunua mwaka mzima, sidhani kama umeokoa kitu. Ukinunua ile yenye fipronili, isimguse sungura kamwe. Ni sumu kwake.

Asiye na uwezo, sabuni na chanuo havijawahi kukosa kazi. Mwogeshe mbwa saa sita mchana, siyo asubuhi ya baridi ya Machame. Anza na shingo. Mzungushie povu zito shingoni kabla hujamlowesha mwili, maana kiroboto akihisi maji mgongoni hukimbilia kichwani, masikioni, puani, na huko huwezi kumfuata na sabuni. Ukishafunga shingo, shuka. Acha povu likae kama dakika tano. Halafu chana, na kila unayemnasa mzamishe kwenye bakuli la maji yenye sabuni. Maji matupu anaelea na kuruka. Yenye sabuni anazama. Usimponde kwa kucha. Kwa watoto wa mbwa na paka walio chini ya wiki nane, njia ni hii tu, dawa za dukani wasubiri.

Wanyama wote siku moja. Mbwa, paka, na wa jirani ikiwezekana, kwa sababu paka wa uchagani hajui mpaka wa isale.

Kisha nyumba, na hapa ndipo kalenda inapoingia. Leo tukihesabu, Krismasi iko wiki nne. Ndiyo muda unaohitajika. Mpigie kijana wa kazi simu kesho, usingoje tarehe 20. Afungue madirisha yote. Kapeti la barazani lichomwe, usimwambie alifue. Magunia na matandiko ya wanyama yachemshwe au yatupwe. Mito ya kochi na magodoro yatolewe nje yapigwe jua, yageuzwe. Afagie kila siku, chini ya vitanda, nyuma ya kabati, kwenye kona, na takataka zitoke nje ya nyumba siku hiyo hiyo, zizikwe au zichomwe. Ufa wa sakafu ya saruji uzibwe. Sakafu ya udongo inyunyiziwe maji, ishindiliwe, ikandikwe upya, kama bibi zetu walivyokuwa wakiikandika kwa kinyesi cha ng'ombe na majivu. Ufa ukizibwa buu limekosa nyumba.

Kama unapiga dawa ndani, iwe ile iliyoandikwa kwamba ni ya ndani ya nyumba na ya viroboto, na ikiwa na kiungo cha kuzuia mayai na mabuu kukua ni bora zaidi. Usichukue bomba la mgongoni lililotoka kunyunyizia kahawa. Na hapa nisikilize vizuri, maana ndipo watu wanapovunjika moyo. Hakuna dawa ya kunyunyiza inayompata vizuri aliyemo kifukofukoni. Kwa wiki mbili au tatu baada ya kupiga dawa utaendelea kuona viroboto wapya. Dawa si feki, na wala aliyepiga hakukuibia. Hao ni waliokuwa wamejifungia, wanatoka sasa, wanakanyaga dawa, wanakufa. Kwa hiyo usiifunge nyumba baada ya kupiga dawa. Ikifungwa hawatoki, watakusubiri wewe. Kijana aingie, atembee, afagie, avute viti. Mtikisiko ndio unaowaita nje.

Usiku anaweza kuweka beseni pana la maji ya sabuni sakafuni, chini ya taa ya umeme au ya sola. Wanarukia mwanga wanaangukia majini. Hawataisha kwa njia hiyo, lakini asubuhi utawahesabu, na idadi inavyoshuka siku kwa siku utajua unakwenda wapi. Mshumaa na koroboi visikae karibu na mapazia.

Suala la nani alipe nalo tulizungumze wazi. Kijana wa kazi ameachiwa mbwa, ng'ombe, kuku na funguo, na mshahara wake sote tunaujua. Dawa ya mbwa hakuachiwa. Halafu Desemba tunafika tunamlaumu kwa nini nyumba ina viroboto. Tumeweza kutuma hela ya mbuzi kwa simu; na ya dawa inatumwa kwa njia ile ile.

Kuna jambo la homa sikutaka kulianza nalo, nisije nikaonekana natisha watu. Septemba 2007 hadi Agosti 2008, hapa hapa Moshi, hospitali za KCMC na Mawenzi, watafiti wakiongozwa na John Crump walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Waliodhaniwa kuwa na malaria walikuwa 528. Vipimo vya uhakika vilipofanywa, wenye homa iliyotokana na malaria walikuwa 14. Wengi waliobaki walikuwa na maradhi mengine, yakiwemo yanayotoka kwa wanyama: ile tunayoiita sasa homa ya mgunda, homa ya Q, na homa za vimelea vya riketsia. Riketsia nyingi huletwa na kupe, lakini mmoja wao makazi yake ni kiroboto wa paka, na mwingine wa ukoo huo amepewa jina la Asembo, kule Siaya nchini Kenya, kwa sababu alitambuliwa kwenye viroboto wa huko. Kwa hiyo ukienda hospitali na homa, kipimo cha malaria kikasema hapana, mwambie daktari nyumbani kuna wanyama gani na wanalala wapi. Hatakucheka.

Na Usambara si mbali. Unapita Same, unapita Mombo, unapanda Lushoto. Tauni, ambayo hubebwa na viroboto, iliingia kule mwaka 1980 na ikawa inarudi kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 2007 mtafiti Anne Laudisoit na wenzake walitoa matokeo kutoka vijiji 12 vya Usambara Magharibi. Kati ya viroboto waliokamatwa ndani ya nyumba, asilimia 72.4 walikuwa wale wanaoitwa viroboto wa binadamu, na vijiji vilivyosumbuliwa zaidi na tauni ndivyo vilivyokuwa nao kwa wingi zaidi. Sisemi tauni ipo Kilimanjaro. Nasema kiroboto wa ndani ya nyumba si mtu wa kufanyiwa utani.

Huku kwetu mahindi yako darini. Mahindi yanaita panya, panya anamleta paka, paka anashuka na viroboto wa panya. Watu wanaona dawa ni kutega sumu ya panya. Sawa, lakini zingatia utaratibu: panya akifa, viroboto wake wanamwacha mara tu anapopoa, na wanatafuta mwili mwingine wenye joto. Wa kwanza kukutana nao ni paka au aliyelala chini ya dari hilo. Anza na viroboto, panya wafuate. Panya aliyekufa usimshike kwa mkono mtupu.

Funza naye ni kiroboto, kama hukujua, na ni mgeni: alivuka bahari kutoka Brazili, akashuka Angola mwaka 1872, akaitembea Afrika mpaka akafika pwani yetu kabla karne haijaisha. Nguruwe na mbwa wanamsambaza, na anapenda sakafu ile ile ya vumbi. Huyo anastahili kipindi chake, leo simgusi zaidi ya hapo, ila mtoto akienda likizo kihambani mvalishe viatu.

Januari mkiondoka, kung'uteni mablanketi nje kabla ya kuyakunja, magodoro yasimame ukutani, dirisha la paka lizibwe au paka apewe sehemu yake nje yenye matandiko yanayofulika. Simba apewe dozi siku ya kuondoka, na tarehe ya dozi inayofuata iandikwe ukutani jikoni kwa mkaa, kijana aione. Mabegi yakaguliwe kabla hayajaingia kwenye gari, maana Mbezi na Tegeta nako kuna mazulia.

Maswali yenu yatumeni kwa namba za studio kama kawaida. Kuna mama wa Kirua ameshauliza juu ya kupe wa masikioni kwa mbwa aliyetoka kujifungua. Mama, wiki ijayo saa hizi tutaanza na wewe.